Gogo la Plastiki la Mume Wangu

Sfax, Jumapili alasiri

...na nilikuwa sijamaliza hata kukusimulia habari za mapazia, Dada Wided, simu ikakatika. Nilipopiga tena akapokea mama, na mama unamjua: aliweka spika, akamwita jirani aje asikie sauti ya bibi harusi, akaniuliza mbele ya watu wote kama mume ananilisha. Nikajibu ndiyo mama, nanenepa, wakapiga vigelegele, nikaaga. Lile nililotaka kukwambia si la kusemwa kwenye spika. Ndiyo maana nimeketi na kalamu kama zamani nilipokuwa nikikuandikia kutoka bweni la shule, na barua hii nitampa dereva wa gari la Kef akukabidhi mkononi, chini ya boksi la keki za lozi. Keki ni za wote. Barua ni yako.

Basi nianze kama mtu aliyelelewa. U hali gani, dada yangu, pumzi yangu? Vumbi la kiangazi halijakuanzishia kikohozi? Shemeji Ridha anaendeleaje na mgongo wake, au bado anabeba magunia ya ngano kama kijana wa miaka ishirini halafu anakuja kulia kwako? Na Yosr wangu je? Anakula? Jino lile la mbele limeota? Bado anakataa kuchanwa nywele upande ule ambako mpira wa kutolea maji kichwani unapita chini ya ngozi? Mbusu hapo hapo, taratibu, umwambie ni busu la mama mdogo.

Na kabla sijaenda mbali, nakuomba jambo moja: ile Jumatano ambayo Yosr amepangiwa kipimo cha kichwa pale kliniki, usimpeleke kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Usiruke mistari. Najua tabia yako ya kuruka mistari. Sababu nitaieleza, lakini naogopa ukiisoma mbio utamchukia mtu ambaye mimi nampenda kuliko macho yangu. Niache nizunguke kidogo kwanza. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara mbili kwenda kukoroga sufuria, na sufuria haina kitu.

Mimi ni mzima, na nina furaha ambayo naona haya kuiandika. Wajomba zetu walinitisha bure. Walisema mtu wa Sfax atanihesabia zeituni kwenye sahani na kuzima taa kabla sijafumba macho. Dada, huyu wangu kila alasiri anarudi na kishada cha yasmini, na hanipi mpaka avue helmeti ya pikipiki, aipange nywele, ndipo anasimama mlangoni kama amekuja kuposa upya. Ile siku ya samaki, wiki baada ya harusi, walipomlaza yule samaki mkubwa sakafuni ili turuke juu yake kama desturi ya huku, mimi mtoto wa mlimani ambaye samaki nimemjua ndani ya kopo niliteleza kwenye magamba, na Mehrez akanidaka kiunoni mbele ya shangazi zake wote. Mavyaa akasema kwa sauti, "Haya, keshakamatwa, hatoki tena!" Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Mavyaa, Mama Beya, anakaa ghorofa ya juu, na ulimi wake ni kama wako: unachoma halafu unapuliza.

Sasa nikwambie juu ya mke mwenza wangu. Usishtuke. Ni gogo la plastiki.

Unajua kwamba Mehrez ni mtu wa fizikia pale hospitali kuu, yaani hatibu mtu, kazi yake ni kupima mionzi inayotoka kwenye mashine za eksirei na za CT scan, kuhakikisha mgonjwa anapata ya kutosha na haongezewi. Kwa kazi hiyo ana magogo mawili mazito, ya plastiki inayong'aa kama barafu, yenye matundu ya kuingizia kifaa cha kupimia. Dogo ni unene wa kichwa. Kubwa ni unene wa tumbo la mtu mzima. Siku moja alilileta lile dogo nyumbani, amelifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba, ili alitengeneze tundu moja lililoingia mchanga. Mtaa mzima ulimsimamisha kumuuliza ni jibini ya wapi. Usiku likakaa kwenye kiti cha sebuleni, limefunikwa taulo langu jipya. Asubuhi Mama Beya alishuka, akalitazama, akanitazama, akasema, "Emna binti yangu, huyu mwenzio hali, haongei na hadai nguo. Jihadhari." Tangu siku hiyo hatuliiti kwa jina jingine. Akichelewa kurudi namuuliza kama alikuwa kwa mke mkubwa.

Na hii ndiyo kazi aliyokuwa nayo tangu kabla ya harusi, iliyomfanya akakonda ukadhani ni mapenzi. Hospitali na kliniki nyingi, za bahari mpaka za mlimani kwetu, ziliombwa zitume namba za mionzi inayotumika kwa mgonjwa wa kawaida: kwa kichwa, kwa kifua, kwa tumbo, za watu wazima na za watoto. Mehrez na wenzake wanazipanga namba hizo kuanzia ya chini mpaka ya juu, halafu wanaweka alama mahali ambapo robo tatu ya hospitali ziko chini yake. Hiyo alama wanaiita kiwango cha rejea. Aliponieleza mara ya kwanza sikuelewa, nikamwambia ngoja nikueleze mimi. Chukua wanawake wote wa mtaa, uliza kila mmoja anaweka pilipili ya harisa vijiko vingapi kwenye mchuzi. Panga majibu. Weka alama pale ambapo wanawake watatu kati ya wanne wako chini. Yule aliyepita alama hafungwi jela, huenda ana sababu, labda mumewe hana ulimi. Lakini lazima achungulie chungu chake na kujiuliza mbona wengine wanapika chakula kile kile kikalika bila kuwasha watu midomo. Mehrez alicheka, akanibusu mkono, na keshoye akaueleza mfano wangu kazini. Mkuu wao, Daktari Raoudha, mama mmoja mkali mwenye sauti ya jeshi, akasema bora tumwajiri huyo mke mahali pako. Nilitembea juu ya mawingu siku nzima, dada.

Lakini angalia, na hapa ndipo ninapoanza kushindwa kukaa kwenye kiti. Katika mfano wangu, sote tulimtazama mwanamke wa harisa nyingi. Hakuna aliyemuuliza kitu yule wa kijiko kimoja. Tulimsifu tu.

Unakumbuka asubuhi ya harusi, pale nyumbani, tulipokaa na lile sinia la borzgan, nyama na tende zimejaa juu, na wewe ukawa unalalamika juu ya safari ya Tunis? Ulisema daktari wa Yosr anataka awe anapimiwa kule, kwenye hospitali ya watoto, na wewe umechoka kuamka alfajiri na mtoto anayetapika garini. Mehrez alikuwa amevaa jebba yake mpya, mgeni kati ya wakwe, hajui aweke wapi mikono, kila mjomba anamtania kuhusu Sfax. Nilimwona anatafuta kitu cha kuwapa watu wetu. Akakuambia, "Shemeji, kwa nini uhangaike? Kliniki yenu hapa chini ndiyo yenye namba ndogo kuliko zote nilizoziona kwa vichwa vya watoto. Hapa hapa Kef!" Shemeji Ridha akampiga bega, mama akamwongezea nyama, na wewe ukaifuta ile safari ya Tunis siku ile ile. Yosr alipimwa tena hapo baada ya harusi, na Jumatano anarudi.

Hakupaswa kusema. Hospitali zilizotuma namba zinaitwa kwa herufi, si kwa majina, na ahadi ilikuwa kwamba jina halitatoka nje ya chumba chao. Alilitoa kwa sababu alitaka apendwe nanyi. Anasema hivyo mwenyewe.

Sasa sikiliza lililotokea. Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, nimepika supu ya shayiri na pweza, mara yangu ya kwanza, nimemchapa yule pweza mpaka mkono ukaniuma. Tukakaa mezani. Nilikuwa na hadithi yako ya siku ya hina, ile ya Ramadhani mlipomkimbiza Yosr kliniki ya hapo kwenu, uliyotusimulia wanawake tukacheka mpaka hina ikaharibika, nikaona nimchangamshe mume wangu kwayo. Nikamwambia jinsi mama alivyosimama kwenye mlango wa chumba cha mashine, mikono imeshika fremu, akamwapia Lotfi, mpiga picha wa kliniki, kwamba mjukuu wake hatapewa dawa ya usingizi hata kijiko, kwa kuwa mtoto wa fulani alipewa hakuamka mpaka kesho yake. Na Lotfi, maskini, kijana wa mtaa wetu aliyekula mkate wa mama tangu anatambaa, angefanya nini? Nikamwigiza anavyosema, "Haya mama, shusha mikono, hatumlazi. Huyu samaki wako hatulii, nami nina njia ya samaki." Halafu nikamwigiza Yosr anavyojitapa: "Mimi kichwa changu hupigwa kwa ile ya kifua! Ile ya haraka! Nikisema bismillahi tu, imekwisha!"

Mehrez aliacha kijiko hewani. Supu ikamdondokea kwenye shati. Akasema, taratibu kabisa, "Rudia." Nikarudia, nikaongeza na mikono ya mama mlangoni. Hakucheka. Akauliza, "Ile ya kifua? Ndivyo mtoto alivyosema? Ya kifua?" Nikasema ndiyo, si ni ya haraka, ili asilie. Akainuka, akaenda kusimama dirishani na leso yake shingoni, na pweza wangu akapoa.

Tangu hapo nyumba yetu haikuwa na utulivu. Wakati wa kulala mchana, joto linapofunga milango ya mtaa mzima, yeye alikuwa akizunguka sebuleni, vigae vinalia chini ya kandambili zake. Akishika gazeti analigeuza juu chini. Yasmini aliileta, lakini siku moja aliniletea kishada cha jana. Na mimi, badala ya kuuliza, nikaanza kujitesa. Nilidhani ni pweza. Halafu nikadhani ni mimi: labda naongea sana, labda hakupenda nilivyomwigiza mama yangu, labda ameona kwamba ameoa msichana aliyeishia sekondari, amejaa hadithi tu, na pale kazini kuna wanawake waliosoma wanaojua mionzi. Nilipanda kwa Mama Beya nikalia. Akaniuliza, "Anakula?" Nikasema anakula. "Analala kwako?" Nikasema ndiyo. "Basi si mwanamke, ni hesabu. Baba yake alikuwa hivyo hivyo akikosea hesabu ya mafuta. Nenda kamuulize, na usiulize kwa machozi, uliza kwa kahawa."

Niliuliza kwa kahawa. Na aliniambia yote, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kioo.

Dada Wided, nitajaribu kukueleza kama alivyonieleza mimi, na aliniagiza nisiweke sukari. Mashine haijui imempiga mtoto au mzee. Namba inayoandika kwenye kioo chake ni ya mionzi ambayo ingepokelewa na gogo la plastiki. Ukiiambia "kichwa", inahesabu kwa gogo dogo. Ukiiambia "kifua", inahesabu kwa gogo kubwa. Alichukua glasi ya chai akaijaza maji mpaka mdomoni, halafu maji yale yale akayamimina kwenye beseni langu la kukandia unga. Yakatanda chini, hayakufunika hata kidole. Akasema, "Maji ni yale yale, Emna. Lotfi anamimina kwenye glasi, mashine inamwandikia ya beseni." Kichwa cha Yosr ni glasi. Kwa hiyo ile namba ndogo aliyoisifu mbele ya wajomba haikuwa ndogo. Ukiisahihisha inakuwa kama mara mbili yake, na kliniki yenu haiko chini ya wote, iko juu ya alama. Na si Yosr peke yake. Ni watoto wote wasiotulia, wa kila bibi anayesimama mlangoni.

Alimpigia simu Lotfi mbele yangu, kwanza kwa salamu ndefu za afya na watoto. Lotfi alikiri kwa fahari kabisa. Alisema, kaka, hapa kwetu ukimlaza mtoto kwa dawa bibi yake anakuletea mtaa mzima, mimi nawapitisha kwa ile ya haraka, hakuna anayelia, na namba zangu si umeziona zilivyo nzuri? Mehrez akamweleza kuhusu magogo.  Kisha nikamsikia Lotfi akiuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimewaunguza?" Mehrez akamjibu, "Hapana ndugu yangu, hukumuunguza mtu. Umewapa zaidi ya walichohitaji, nami nikakupigia makofi." Nikaenda jikoni kwa sababu sikuweza kumtazama.

Alhamisi kilikuwa ndicho kikao cha kutangaza viwango. Asubuhi hiyo alifunga vifungo vya shati vibaya, nikamfungulia nikamfunga upya. Alisimama mbele ya madaktari na watu wa wizara akasema jedwali alilolipanga yeye halifai kutangazwa kwa upande wa watoto. Daktari Raoudha akamuuliza kwa ile sauti yake, "Umetusumbua mwaka mzima kutafuta namba, leo unatuambia tuzitupe?" Akasema, "Si zote, Daktari. Zile za chini kabisa. Hizo sikuziuliza kitu." Mzee mmoja wa mionzi akatania kwamba mtu wa Sfax akiomba kuhesabu upya basi lazima ameona jini, wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akaeleza habari za kifua na kichwa, na akaeleza pia kwamba alilitoa jina la kliniki mezani kwa wakwe zake. Hilo hakuna aliyemlazimisha kulisema. Daktari Raoudha alimkaripia mbele ya watu mpaka wahudumu wa chai wakarudi nyuma. Halafu akaahirisha tangazo, akaagiza kila sehemu yenye namba ndogo kupita kiasi ikapimwe kwa gogo, na akamwambia aanze na kule alikokula nyama.

Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Nakuandikia kweli.

Lakini kuna watu ambao hakuweza kusimama mbele yao, nao ni ninyi. Alianza kumwandikia shemeji Ridha, akachana. Akaanza tena, akachana. Akasema, "Madaktari wanaweza kunifukuza kazi tu. Wided alinikabidhi kichwa cha mwanawe kwa neno langu moja." Ndipo nikamnyang'anya kalamu, nikasema huyo ni dada yangu, niache mimi. Kwa hiyo sasa umejua, na sina tena pa kuzunguka. Neno alilokuambia kwenye sinia halikuwa kweli. Hakujua kwamba si kweli, lakini alilisema kabla ya kulipima, na wewe ukalifuata, na Yosr akalala kwenye mashine ile kwa neno hilo. Akuombe radhi mwenyewe uso kwa uso. Mimi nakuomba tu usiukunje uso huo kabla hajafika.

Sasa sikiliza aliyoyasisitiza, nami nimemfanya anirudie ili nisikosee. Kwanza, usimtazame Yosr kama mtoto aliyevunjika. Picha zile zilihitajika. Ule mwezi wa Ramadhani mpira ulipoziba, ni picha iliyomwokoa. Hatari ya mionzi ya ziada aliyopata ni ndogo, haioti usoni wala haimuumizi leo, ila mtoto anakua na mbele yake kuna picha nyingine za maisha yake yote, ndiyo maana hatakiwi kupewa hata kidogo kisichokuwa na kazi. Pili, kipimo cha Jumatano ni cha kuangalia tu, hakina haraka. Mehrez amekwisha kuongea na daktari wake wa Tunis, naye amekubali kisogezwe. Huyo daktari atakupigia kesho akuambie hivyo kwa kinywa chake. Tatu, na hili lipigie mstari: akianza kutapika, au kulalamika kichwa, au kulala usingizi usio wake, usitusubiri sisi wala gogo. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, wampige picha kwa mashine yoyote na kwa namna yoyote. Ameniambia nikuandikie hilo hata kama utaacha kusoma mengine yote.

Mama usimwambie kwa ukali. Alimpigania mjukuu wake kwa njia aliyoijua. Na Lotfi msalimie kama kawaida, mnunulie hata kahawa, maana nasikia hatoki nyumbani. Ameshaacha kile kitufe cha kifua. Tatizo ni kwamba mashine yake haijawahi kupangwa kwa vichwa vidogo, ina mpango wa watu wazima tu, na huo ndio Mehrez atakuja kuupanga naye, wauteremshe hatua kwa hatua kwenye gogo dogo mpaka pale ambapo daktari bado anauona ule mpira vizuri na mionzi haizidi.

Lakini mpango huo ni wa polepole kidogo kuliko ule wa kifua. Yosr lazima atulie, bila dawa, ili mama asije akashika tena fremu ya mlango. Nasi tumetafuta njia. Usicheke. Jana alasiri tulisogeza viti, Mehrez akalala chali chini ya meza ya chakula, mimi nikawa mashine. Nikavuma. Nikamwambia sasa wewe ni samaki aliyelala kwenye mchanga, samaki aliyelala macho yako wazi lakini hata pezi halitikisiki mpaka nimalize kuimba ubeti mmoja wa ule wimbo wa mama wa kubembelezea. Mara ya kwanza alicheka ikatikisika meza nzima. Mara ya pili chafya. Mara ya tatu alitulia kabisa, dada, mtu ambaye hakuwa ametulia tangu ile supu. Nilimaliza ubeti, nikaanza mwingine kwa makusudi, nikachungulia chini ya kitambaa cha meza: alikuwa amepitiwa na usingizi, vumbi kwenye nywele, mikono kifuani. Sikumwamsha. Nilikaa hapo sakafuni kando yake nikamfukuzia nzi.

Basi mchezeshe Yosr mchezo huo kila siku chini ya meza yako, uvume wewe, aimbe mama. Huo ubeti mmoja unatosha. Mwambie baba mdogo Mehrez aliweza mara ya tatu, na yeye mtoto wa Kef hawezi kushindwa na mtu wa Sfax.

Nisalimie wote: shemeji Ridha na mgongo wake, mama na jirani yake na spika yao, Lotfi, na yule paka wa jikoni kama bado anaishi. Mama Beya anakusalimu, anasema umtumie siagi ya mlimani na usiitie chumvi nyingi. Mehrez amesimama mlangoni, anaona haya kutuma salamu, kwa hiyo nazituma mimi kwa niaba yake.

Tunakuja kabla mwezi haujaisha. Bwana harusi wa Sfax anapokwenda ukweni mara ya kwanza baada ya harusi hupaswa kubeba kapu la samaki, na mama atalisubiri, lakini garini mapajani mwangu kutakuwa na gogo la plastiki, limefungwa taulo langu jipya. Mwachie Yosr alichore macho na mdomo. Litatangulia kuingia kwenye mashine lenyewe, mara nyingi kadiri mume wangu atakavyotaka, mpaka aseme sasa najua. Hapo tu ndipo utamlaza mwanao, wewe mwenyewe ukitaka, na kama hutaki tutawapeleka Tunis sisi wenyewe, na ndoo ya kutapikia nitaishika mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mke wa Mehrez (bado napenda kuliandika),

Emna